Land Rover 109 ya mzee: irudi ya asili au iwe ya kuendeshea?

Iliingia gereji kwangu Nyakato, Mwanza, ikivutwa kwa kamba nyuma ya Fuso: Land Rover Series III, pikapu ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Enzi zake ilibeba pamba Magu, halafu ikaegeshwa chini ya mwembe mpaka kuku wakataga kwenye siti. Mzee mwenyewe akasema, "Fundi, naitaka kama siku niliyoichukua." Alipotoka kidogo kununua maji, mwanawe akanivuta pembeni: "Kaka, tia injini ya dizeli ya Toyota, ile 3L, pawa stearing na AC. Ya nini kuteseka?"

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na watu wote huuanzia kwenye injini. Mimi naanzia uvunguni.

Kuna imani kwamba Land Rover haiozi. Bodi kweli ni alumini, ila chasisi na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma, na chasisi huozea ndani kwa ndani, tope likishajikusanya humo. Hapa hatuna hewa ya chumvi kama ya Tanga, lakini pikapu iliyowahi kubeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba imenyweshwa maji ya barafu kila siku. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka riveti. Kwa hiyo nachukua nyundo ndogo nagonga chasisi, hasa boriti ya nyuma na vile vyuma vya pembeni vinavyoshikilia ukuta wa mbele. Ikilia kavu, tuongee. Ikilia kama debe la unga, hela ya AC imeshapata kazi nyingine. Ya mzee ilioza boriti ya nyuma tu. Nikashukuru.

Injini yake ni ya petroli, lita 2.25, nguvu za farasi kama 70 hivi. Ilitengenezwa zama za petroli yenye madini ya risasi, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za valvu, pale valvu zinapokalia zikijifunga. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo silinda hedi ikifunguliwa, tia siti ngumu za valvu za ekzosi. Hakuna atakayeziona, na injini inabaki ileile.

Sasa hiyo 3L. Gari la kutafutia riziki, la kupeleka mzigo Sengerema na kurudi kila siku, hata mimi ningelifunga dizeli. Lakini kijana alikuwa anawaza spidi. Zamani kivuko cha Busisi kilimtuliza kila mtu. Tangu daraja lifunguliwe 2025, kila mmoja anataka kukimbia. Difu za 109, yaani gia za kwenye ekseli, zina uwiano wa 4.7: propela shafti inazunguka karibu mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukifunga 3L ukaacha giaboksi na difu zilezile, unachoongeza zaidi ni kelele. Na ili ikae, utakata vishikio vya injini vilivyochomelewa kwenye chasisi, kisha uende TRA, mamlaka ya mapato, maana namba ya injini kwenye kadi haitakuwa ya gari tena.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Badiliko linalofungwa na kufunguliwa kwa spana, silikatai. Likihitaji grainda, mashine ya kukatia chuma, nataka sababu nzito.

Breki zilikuwa na sababu nzito na hazikuhitaji grainda. Mfumo wake ulikuwa wa njia moja, bila buster ya kuongezea mguu nguvu: bomba moja likipasuka unaposhuka mlima wa Bugando, pedali inazama na magurudumu yote manne hayana breki. Nikafunga masta silinda ya njia mbili na buster yake, vya Series III za miaka ya mwisho, pamoja na boksi lake la pedali. Ni vifaa vya ukoo uleule. Dramu nikaziacha. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki tu kulinimalizia asubuhi nzima, kwa sababu dramu za mbele za 109 zina silinda mbili kila upande.

Taa nikaziwekea rilei, ili umeme mwingi usipite kwenye swichi. Zinawaka vizuri na glasi ni zilezile. Ndani ya distributa, inayogawa umeme kwenye plagi, nikatoa platini na kondensa, vinavyokata na kuachia umeme huo, nikaweka kifaa cha elektroniki kinachojificha chini ya kifuniko. AC sikuweka. Pawa stearing pia sikuweka. Kijana akanuna, nikamwonyesha jinsi ya kujaza upepo wa kutosha kwenye matairi ya mbele ili usukani usiwe mzito.

Siku ya kuichukua, mzee alifungua boneti, akafungua kifuniko cha distributa kwa vidole vyake mwenyewe, akachungulia.

"Platini zangu ziko wapi?"

Nikamtolea kwenye dashibodi, nimezifunga ndani ya kitambaa pamoja na kondensa yake. Akazihesabu, akazirudisha palepale, ndipo akamwambia mwanawe apande.