Namba 1000 mbili, ofisi moja

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi ya utalii, si mbali na Mnara wa Saa hapa Arusha. Kompyuta tano, zote zinatumia Ubuntu, aina ya Linux, na seva moja ya kutunzia mafaili ya wote chini ya meza ya mhasibu. Aliyenipigia ni yeye mwenyewe: "Kaka, mbona huyu wa mapokezi anafungua mafaili yangu ya mishahara?"

Fundi aliyefunga mtandao ule ni mimi. Nilichagua NFS, njia ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, bila kuumiza kichwa, kwa kuwa ni nyepesi, imo ndani ya Linux yenyewe na ni mkongwe tangu enzi za Sun Microsystems, 1984. Nilichosahau ni kwamba NFS ikiachwa ilivyo haimuulizi mtu neno la siri. Kompyuta huitajia seva namba ya mtumiaji, na seva huamini. Nikaandika `id -u`, amri ya kuonyesha namba hiyo, kwenye mashine ya mhasibu: 1000. Nikaenda mapokezi: 1000. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba hiyo, kwa hiyo machoni pa seva mama wa hesabu na binti wa mapokezi walikuwa mtu mmoja!

Kerberos, mfumo wa kuthibitisha nani ni nani kwenye mtandao, ingetibu hilo, ila nani angeilea mimi nikiwa Moshi? Nikahamia Samba, njia nyingine ya kushirikisha mafaili. Wengi huiona kama daraja la kwenda Windows tu, lakini Linux kwa Linux inafanya kazi vizuri, na kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake la siri.

NFS sijaitupa. Kuna maabara ya shule Moshi ambako wanafunzi wanasoma folda moja ya masomo, hakuna mwenye siri. Pale NFS toleo la 4 inatosha, tena inapita lango (port) moja tu la mtandao, 2049. Angalia tu nafasi kati ya maneno kwenye `/etc/exports`, faili la seva linalosema nani anaruhusiwa folda gani: ukiandika `192.168.1.0/24 (rw)` badala ya `192.168.1.0/24(rw)`, ruhusa ya kuandika umeigawa kwa yeyote anayeifikia seva. Nafasi moja tu, jamani.

Halafu umeme. Seva ikizimika, laptopu zenye NFS zinaganda, hata `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, haijibu. Hazijafa, zinasubiri, na seva ikirudi zinaendelea. Mafundi wengine hukimbilia `soft`, mpangilio wa kuifanya kompyuta ikate tamaa badala ya kusubiri, ili zisigande, lakini faili likikatizwa katikati ya kuandikwa linaweza kuharibika. Mimi huwaambia wanunue UPS, betri ya akiba, ya seva. SSHFS, njia nyingine ya kufungua folda iliyo kwenye kompyuta ya mbali, naitumia peke yangu nikiwa nyumbani, basi.

Tulipomaliza, binti wa mapokezi akajaribu folda ya mishahara, ikamkatalia. Mhasibu akacheka, kisha akanigeukia. "Na wewe kaka, bado unaona?"

Naona, nikamjibu, mwenye seva huona yote. Nikavuta kiti, nikamwonyesha namna ya kulifunga faili lenyewe kwa neno la siri ndani ya LibreOffice, nikageuka dirishani wakati analiandika.