Ndege isiyosogea kwenye kioo ndiyo ya kuogopa

Wanafunzi wa urubani wanapoanza huogopa mawingu, upepo wa ubavuni na injini kuzimika. Ndege nyingine hawaiogopi. Anga ni pana, na mara nyingi ukitazama nje huoni mtu. Lakini migongano ya ndege ndogo hutokea zaidi mchana kweupe, hali ya hewa ikiwa safi, chini chini, karibu na viwanja vya ndege. Siku nzuri hututoa sote nyumbani, na hata tukiruka pande tofauti, sote tunarudi kutua kwenye barabara ileile.

Kama mwalimu wa urubani, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: ndege mtakayogongana nayo haitembei kwenye kioo chako. Chukua ndege mbili zinazoelekea mahali pamoja, kila moja ikishikilia mwendo wake. Ikiwa zitafika hapo kwa wakati mmoja, pembe ambayo kila rubani anamwona mwenzake haibadiliki hata kidogo. Utaona nukta karibu na upeo wa macho, na nukta hiyo itabaki palepale, haiendi kushoto wala kulia, haipandi wala haishuki. Ndege inayosogea kwenye kioo itapita mbele yako au nyuma yako. Iliyotulia ndiyo mnayokwenda kukutana nayo.

Ubaya ni kwamba jicho letu hunasa upesi kitu kinachosogea, na kilichotulia hulipita. Tena nukta hiyo haikui polepole ili ikuonye. Ukubwa wake huongezeka maradufu kila umbali unapopungua nusu, kwa hiyo kwa muda mrefu inabaki nukta, halafu katika sekunde chache za mwisho inajaza kioo kizima.

Tupige hesabu. Ndege mbili za noti 120 (maili za baharini kwa saa) kila moja zikija uso kwa uso zinakaribiana kwa noti 240, yaani kama mita 123 kila sekunde. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hutumia makadirio ya sekunde 12.5 tangu jicho lione kitu hadi ndege ibadili njia. Kuona ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kutambua kwamba ni ndege ni sekunde 1. Kung'amua kwamba mnaelekea kugongana ni 5, kuamua ugeukie wapi ni 4, mkono kuitikia ni 0.4, na ndege yenyewe kutii ni 2. Kwa muda huo mmeshakula kilomita moja na nusu. Katika umbali huo mabawa ya ndege ndogo ya Cessna 172, yenye mita 11 kutoka ncha hadi ncha, yanaonekana kwa upana usiofikia ule wa mwezi mpevu, tena ni kama mstari tu. Kiwiliwili chake ni kidoa.

Angalia tena hizo namba. Sekunde 9 kati ya 12.5 ni za akili, si za mkono wala za ndege. Ndiyo maana nataka sheria za kupishana ziwe zimeshaingia kwenye damu kabla hujaruka: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anageukia kulia, mkikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha, anayempita mwenzake anapita kuliani na kukaa mbali naye. Na hata kama haki ya njia ni yako, usiidai kwa mtu ambaye huna hakika kama amekuona.

Sasa kutazama nje. Wengi huzungusha macho kutoka bawa hadi bawa kwa mkupuo mmoja, wakaamini wametazama. Macho yakiwa mwendoni hayaoni kitu cha maana, na sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo sana katikati. Gawa anga vipande vya kama nyuzi 10, tulia kwenye kila kipande angalau sekunde moja, halafu hamia kingine. Kwenye anga tupu au yenye ukungu mwepesi, jicho lisilo na cha kushika hulegea na kulenga mita chache tu mbele. Kila mara litafutie kitu cha mbali, ukingo wa wingu au kilele cha mlima, ndipo uendelee kutafuta.

Kioo nacho kisafishe kabla ya kuruka. Mdudu aliyebandika kwenye kioo anafanana kabisa na ndege ya mbali iliyotulia, na ukishazoea kumpuuza mdudu, utaipuuza na ndege. Kisha kuna nguzo za fremu ya kioo. Kwa sababu ndege ya hatari haisogei, nguzo inaweza kuificha tangu mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni shingo: inama mbele, rudi nyuma, chungulia pande zote mbili za nguzo. Wakati wa kupanda, pua ikiwa imeinuka na kuziba mbele, geuza ndege kidogo kushoto na kulia ili uone inakokwenda. Mwenye mabawa ya juu ainue bawa na kutazama kabla hajageuka, kwa maana bawa lile litaziba hasa upande anaogeukia.

Mabawa ndiyo yanayofanya fainali, yaani kipande cha mwisho cha kushuka ukiielekea barabara ya kutua, iwe mahali pa kuogopesha. Weka ndege yenye mabawa ya chini juu kidogo ya ndege yenye mabawa ya juu, zote zikishuka kutua. Wa juu hamwoni wa chini kwa sababu ya mabawa yake, wa chini hamwoni wa juu kwa sababu ya yake. Wote wawili wanatazama barabara.

Redio inasaidia sana, lakini kusikika si sawa na kueleweka. Tarehe 18 Agosti 2022 huko Watsonville, California, kwenye uwanja usio na mnara wa kuongoza ndege, Cessna 152 iliyokuwa ikizunguka uwanja iligongana na Cessna 340 ya injini mbili iliyokuwa inakuja moja kwa moja kutua. Marubani wote wawili walikuwa wakitangaza mahali walipo kwenye masafa mamoja. Watu 3 walikufa. Ndiyo maana nawasihi wenye ndege za kasi wajiunge na mzunguko wa kawaida, kwa kimo cha kawaida, wakiwa wameshapunguza mwendo. Mtu akutafute mahali anapotarajia kukuona.

Na ukishaiona ndege, usiiache. San Diego, tarehe 25 Septemba 1978, marubani wa Boeing 727, ndege kubwa ya abiria ya PSA, shirika la ndege la California, walitaarifiwa kuhusu Cessna 172 iliyokuwa mbele yao na wakajibu kwamba wanaiona. Baadaye ikawapotea, na mnara haukuelezwa waziwazi. Waliishukia kutoka nyuma. Watu 144 walikufa. Ndege ikikupotea, sema mara moja kwamba huioni tena.

Siku hizi tuna ADS-B, mfumo ambao kila ndege yenye nao hutangaza mahali ilipo ili wengine waione kwenye tableti au chombo chao, na nafurahi tunao. Watafiti wa MIT Lincoln Laboratory walikuta kwamba sekunde moja ya kutafuta ukiwa umeshaambiwa utazame wapi ni sawa na sekunde nane za kutafuta bila taarifa. Tumia chombo hicho kwa namna hiyo hasa: kikuambie pa kutazama, halafu kichwa kitoke nje. Onyo la sauti ni bora kuliko la picha, kwa kuwa halikuvuti macho ndani. Lakini usidhani kioo cha tableti kinaonyesha kila kitu kilichoko angani. Kuna nyiringa (ndege zisizo na injini) na ndege za zamani zisizo na transponda, yaani chombo kinachorusha ishara za kuitambulisha ndege, na mwili wa ndege yako wenyewe unaweza kuziba antena ya kipokezi ulichokiweka juu ya dashibodi.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: tableti inaonyesha ndege maili 2 mbele, kimo changu kilekile, nami siioni, nifanye nini? Usiendelee kuitafuta huku umeshikilia njia ileile. Badilisha kimo au mwelekeo mapema, kidogo tu, kisha tangaza ulichofanya. Hata digrii chache za kugeuka zitaifanya ianze kusogea kwenye kioo, na hapo ndipo jicho litakapoinasa.