Mosi Hainyonyi Mti Wako

Picha imeingia tena: shina la mparachichi lililovaa kijani upande mmoja, na chini yake maneno, "Shikamoo mtaalamu, hii kuvu inanyonya mti, nipige dawa gani?" Huyu afadhali kauliza. Wenzake huwa wameshakoroga mrututu na kunyunyiza, ndipo wananitafuta kwa sababu mti umeendelea kunyauka.

Hicho kijani ni mosi, mmea mdogo unaotanda kama zulia, si kuvu. Ina klorofili na inajitengenezea chakula kwa mwanga. Mizizi haina, zile nyuzi za kahawia ni rizoidi, kazi yake kubwa ni kushika, na zinaishia kwenye gome lililokwisha kufa, hazigusi mishipa ya mti. Maji inayanywa kwa mwili mzima. Jani la mosi nyingi lina unene wa seli moja tu, ukiacha mshipa wa katikati. Likikauka linajisokota, ukilidondoshea maji linafumuka ukiwa unalitazama. Mtaalamu wa mimea Tamás Pócs alipima mimea inayoishi juu ya miti kwenye msitu wa ukungu wa Uluguru, mosi na jamaa zake livawoti zikiwamo, na mwaka 1980 akatoa hesabu ya takriban tani 14 za uzito mkavu kwa hekta. Kama ingekuwa inanyonya, msitu ule usingekuwepo, na mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam ungekuwa na hadithi nyingine.

Mparachichi ukinyauka, fukua pembeni. Mizizi midogo ikiwa myeusi na inakatika ovyo, shuku fitoftora, kimelea kinachoozesha mizizi. Mosi imenenepa pale kwa sababu majani yamepukutika na mwanga umefika kwenye shina. Mkulima wa kahawa anayesugua shina ili bungua mweupe, mdudu anayetoboa shina, akose nyufa za kutagia, huyo ana hoja, simsumbui.

Sasa, mnyonyaji mmoja yupo kweli, ila anamnyonya mama yake. Tazama ule unywele mwekundu unaosimama juu ya mosi ukiwa na kichwa kidogo. Si ua wala tunda. Ni sporofaiti, kiumbe kingine kabisa chenye seti mbili za kromosomu, wakati kile kijani kilichombeba ni gametofaiti chenye seti moja. Mguu wake umezama ndani ya mama, na seli za mpakani zina kuta zilizokunjamana kwa ndani ili sukari ipite kwa wingi. Ni mtoto asiyeachishwa ziwa mpaka anakufa. Hata hivyo, vitabu vinavyomwita kupe vinamwonea. Kapsuli, yaani kile kichwa, ikiwa changa ni kijani kwa mosi nyingi, ina stomata (vitundu vya kupitishia hewa), inajipikia kiasi fulani. Kiasi gani, inategemea spishi, na mimi sithubutu kuandika asilimia ubaoni.

Kinachonichosha kuliko mrututu ni ile sentensi ya kwenye mitihani: "Mosi hutengeneza manii kwa meiosisi." Meiosisi, mgawanyiko unaopunguza seti mbili za kromosomu kuwa moja, ya nini? Gametofaiti ina seti moja tayari, utaigawa mara ngapi? Manii ndani ya antheridia (kiungo cha kiume) na yai ndani ya arkegonia (kiungo cha kike) hutengenezwa kwa mitosisi, mgawanyiko usiopunguza seti. Meiosisi inafanyika kwenye kapsuli, na zao lake ni spora, chembe zinazoota mmea mpya. Mtaalamu wa mimea Wilhelm Hofmeister aliuweka wazi mpishano huu wa vizazi mwaka 1851, na bado tunanakili mchoro wa binadamu na kuubandika kwenye mmea. Ukilikubali hili, utaona jambo la ajabu: manii yote ya mmea mmoja wa mosi yanafanana kijenetiki. Mmea wenye jinsia zote mbili ukijirutubisha wenyewe, sporofaiti yake inakuwa na nakala mbili zilezile za kila jeni, katika kizazi kimoja tu. Mtaalamu wa mbegu za mahindi anahangaika misimu kadhaa kufika hapo.

Livawoti niende haraka. Makantia mmeiona kwenye vitalu vya miche, utepe bapa wa kijani juu ya viriba, wenye vikombe vidogo. Ndani ya vikombe mna gemma, vipande vidogo vya mmea huohuo; tone la mvua likipiga zinaruka na kuota bila jinsia yoyote. Miavuli yenye vidole ni ya kike, na sporofaiti zinaning'inia chini yake. Kijiti kinachobeba kapsuli ya livawoti hurefuka dakika ya mwisho, kapsuli ikiwa imeshakomaa, kisha hulegea. Mosi hutanguliza kijiti. Spora za livawoti hufumuliwa na elateri, nyuzi zinazojisokota, za mosi huchungwa na meno ya peristomu, pete iliyo mdomoni mwa kapsuli. Na kromosomu za jinsia katika mimea zilionekana kwanza kwenye livawoti, Sphaerocarpos, kazi ya mtaalamu wa mimea Charles Allen ya 1917.

Hadithi ya manii kuogelea hadi kwenye yai ni kweli, ila inafundishwa kirahisi mno. Mmea wa kike ukiwa mita mbili kutoka kwa wa kiume, nani aogelee huko? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha utitiri na wadudu mkia-fyatuo wakibeba manii ya mosi. Napenda jibu hilo, lakini sioni kwamba linatosha kwa msitu mzima. Mosi nyingi hazioani kabisa mwaka hadi mwaka, kapsuli huioni, na bado zinaenea, kwa sababu kipande cha jani tu kinaweza kuota mmea mpya. Kwa hiyo wewe unayeikwangua kwa brashi ya waya, umeipanda bustani nzima.