Damu ya Maabara Inavyokwama kwenye Kiini

Kila nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kukuza chembe nyekundu za damu maabara, swali huwa lilelile: "Sasa tutaacha lini kuchangia damu?" Huwa namwonyesha kimrija cha plastiki. Chini pametuama tone jekundu, dogo kuliko punje ya dengu. Hilo ni zao la wiki tatu.

Tunaanza na damu ya mchangiaji, maana bila yeye hatuna mbegu. Humo mna seli shina, yaani seli mama ambazo chembe za damu huzaliwa kwazo, lakini ni chache mno. Tunazinasa kwa vishanga vya sumaku, tunaziweka kwenye maji ya virutubisho yenye chuma na erithropoietini, homoni ileile inayotolewa na figo oksijeni inapopungua mwilini. Zinagawanyika, zinagawanyika tena. Mwanzoni hazina rangi. Halafu asubuhi moja unafungua kabati la joto unakuta maji yamekuwa ya waridi: himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, imeingia. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado huwaita wenzangu waje watazame.

Kazi ngumu huja baadaye. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kile kitovu cha seli kinachobeba vinasaba. Lazima ikiteme, ndipo ipate umbo la kisahani kilichobonyea na iweze kujipenyeza kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe. Ndani ya uboho, seli changa huzunguka seli moja kubwa, makrofaji, inayokaa katikati kama kungwi na wari wake, ikizilea na kumeza viini zinavyovitema. Ndani ya chupa yetu kungwi hayupo. Ukichungulia kwenye hadubini utaona nyingi zimekwama, kiini kimetoka nusu, kinaning'inia pembeni. Hizo tunazichuja na kuzitupa.

Ndiyo maana hesabu inaumiza. Watafiti wa Uingereza walieleza kwamba seli shina kama nusu milioni huwapa chembe bilioni 50. Wakishachuja, zinabaki kama bilioni 15. Nyingi? Uboho wako unazitengeneza hizo kwa saa mbili hivi, bila gharama wala kelele. Chupa moja ya damu ina takriban trilioni 2.

Kwa nini basi tuhangaike? Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Damu iliyochangwa ni mchanganyiko: nyingine zimezaliwa jana, nyingine zina siku chache tu za kuishi. Za maabara zote ni changa, kwa hiyo zinatarajiwa kudumu zaidi. Mwaka 2011 Luc Douay na wenzake wa Paris walimrudishia mchangiaji chembe zilizokuzwa kutokana na seli zake mwenyewe, na zikadumu mwilini. Mwaka 2022 Waingereza wakatangaza hatua iliyofuata, kumpa mtu chembe zilizotokana na damu ya mwingine: mililita 5 hadi 10 tu, zikiwa na alama ya mionzi ili zifuatiliwe zinakaa muda gani.

Kwa mgonjwa wa selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi ambayo huweza kumlazimu kuongezewa damu mara kwa mara, muda huo ni jambo zito. Kila chupa humwachia miligramu 200 hivi za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kinajilimbikiza kwenye ini na moyo. Chembe zikidumu zaidi, chupa zinapungua. Tena wapo waliojenga kingamwili, yaani kinga inayoshambulia damu ya wengine, nyingi kiasi kwamba damu inayowafaa haipatikani kirahisi, na wapo wa kundi adimu la damu liitwalo Bombay, lililotambuliwa mwaka 1952, ambao hata damu ya O haiwafai. Hao ndio ninaowafikiria mimi, si kufunga benki za damu.

Maabara ya Bristol ilitangaza mwaka 2017 ukoo wa seli usiokoma kugawanyika, BEL-A, ili kusiwe na haja ya kuanza upya na mchangiaji kila mara. Mbegu haimaliziki tena, lakini kiini bado kinasumbua: si kila seli inakubali kukitema. Huku kwetu, wiki hii nimepunguza kasi ya kuzungusha chupa. Ijumaa nitahesabu.