Maana ya CPA: Umma Unaotajwa Hapo Ni Upi?

Wiki iliyopita nilikuwa katika duka la vitenge la mama yangu mdogo, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jirani yake alipoingia na kumpa ushauri ambao nimekwisha kuusikia mara nyingi mno: "Tafuta CPA akufungie mahesabu, lakini awe wa serikalini, maana CPA ni mhasibu wa umma." Mama mdogo aliitikia kwa kichwa na kuandika neno hilo nyuma ya daftari la madeni. Jirani alikuwa na nia njema kabisa. Hata hivyo, ushauri huo humpeleka mfanyabiashara kwa mtu asiyeweza kumsaidia, na ndiyo maana nimeona nieleze neno hili lilivyo.

CPA ni kifupi cha Kiingereza cha Certified Public Accountant, yaani mhasibu wa umma aliyethibitishwa: mhasibu aliyefaulu mitihani ya kitaaluma ya bodi iliyowekwa na sheria, akaonyesha uzoefu wa kazi, kisha akasajiliwa na bodi hiyo. Hapa kwetu ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972. Waliosajiliwa nayo huandika CPA(T), kama Wakenya wanavyoandika CPA(K) na Waganda CPA(U). Shahada ya uhasibu pekee, hata iwe ya daraja la kwanza, haimpi mtu sifa hiyo.

Neno lenyewe "mhasibu" lina historia inayostahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu, "muhasib", mtu anayefanya hesabu. Ile "mu" ya mwanzo, ambayo kwa Kiarabu ni sehemu ya neno, masikio ya Waswahili yaliisikia kama kiambishi chetu cha watu, na wingi ukawa "wahasibu" bila shida yoyote, kama "muallim" alivyokuwa mwalimu na kuzaa walimu. Mzizi huohuo ndio uliotupa hesabu, na ndio unaosikika kwa waumini wanapoitaja Siku ya Hisabu, siku ambayo kila mtu ataulizwa alichofanya. Tangu zamani, basi, neno hili lilibeba mambo mawili pamoja: kujumlisha tarakimu na kuwajibika kwa tarakimu hizo. Mtu anayejumlisha vizuri lakini hakuna anayeweza kumwuliza chochote amefanya nusu ya kazi ya mhasibu.

Kisha lipo neno "aliyethibitishwa". Limetoka katika "thabiti", lenye maana ya kusimama imara bila kuyumba, na silabi yake ya mwisho inatuambia kwamba tendo limefanywa na mwingine. Hakuna anayejithibitisha mwenyewe. Unapoambiwa kwamba fulani ni mhasibu aliyethibitishwa, sarufi yenyewe inakupa haki ya kuuliza: amethibitishwa na nani? Kama jibu si jina la bodi na namba ya usajili, neno hilo limetumika bila kitu nyuma yake.

Sasa nifike kwenye neno linaloniudhi zaidi linavyotumiwa, yaani "umma". Kwa Watanzania wengi umma na Serikali ni kitu kimoja, na sababu yake inaeleweka. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki, viwanda na mashamba makubwa yalipowekwa katika miliki ya umma, kila tulipotaja shirika la umma, mali ya umma au mtumishi wa umma, tulikuwa tukiitaja Serikali na vyombo vyake. Sheria ya wahasibu ilitungwa katika miaka hiyohiyo. Mtu aliyekua akisikia neno hilo kwa maana hiyo moja hawezi kulaumiwa akidhani kwamba mhasibu wa umma ni yule anayekaa wizarani au halmashauri.

Lakini jina la CPA halikuzaliwa hapa. Lilianza kutambuliwa kisheria katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1896, na cheti cha kwanza alipewa Frank Broaker. Waingereza walikuwa na njia yao, ya vyama vinavyopewa hati na mfalme au malkia, kama kile cha Edinburgh cha mwaka 1854. Sisi, ingawa tulitawaliwa na Waingereza, tulichukua jina la Kimarekani. Huko New York, mhasibu wa umma alikuwa mtu aliyefungua ofisi na kumhudumia yeyote mwenye haja, tofauti na yule aliyeajiriwa na tajiri mmoja kutunza vitabu vya tajiri huyo peke yake.

Maana hiyo haipaswi kuwa ngeni kwa mkazi wa Dar es Salaam, kwa kuwa tunaitumia kila siku bila kuitambua. Daladala inayotoka Mbagala kwenda Gerezani ni mali ya mtu binafsi, dereva na kondakta si watumishi wa Serikali, na hesabu ya jioni hupelekwa kwa mwenye gari. Hata hivyo tunauita usafiri wa umma, kwa sababu yeyote mwenye nauli anaweza kupanda, na kwa sababu gari linalobeba watu wote haliruhusiwi kuingia barabarani bila leseni. Umma wa mhasibu ni umma huohuo wa daladala. Hesabu za Serikali zina mkaguzi wake, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Katiba inamtaja katika Ibara ya 143, na hakagui maduka ya Kariakoo.

Mfano huo wa leseni unatuingiza katika tofauti ambayo hata wasomi huipita haraka. Si kila CPA ana ruhusa ya kuhudumia umma. Wapo walioajiriwa benki, viwandani na wizarani, na ni CPA halali kabisa. Lakini ili mtu akague hesabu za mteja na kutia sahihi ya ukaguzi, ni lazima Bodi iwe imempa pia kibali cha kutoa huduma hiyo. CPA wa serikalini ambaye jirani yetu alimpendekeza anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini bila kibali hicho sahihi yake haitamfaa mama mdogo. Vilevile, mshauri wa kodi ni jina jingine lenye usajili wake, unaofanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ila kimoja hakileti kingine.

Nimeyaona kwa macho madhara ya kulipokea jina la CPA bila kuuliza. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza ndugu yangu benki kuomba mkopo, akiwa na hesabu za miaka 3 alizotengenezewa kwa siku mbili na mtu aliyetambulishwa kwake kama CPA. Ofisa wa mikopo hakuanza na faida wala mauzo. Alifungua moja kwa moja ukurasa wenye sahihi, akaweka kidole juu ya muhuri wa bluu uliosomeka herufi tatu, C, P na A, pamoja na namba ya simu, bila jina la kampuni ya ukaguzi na bila namba ya usajili. Akaligeuza jalada, akalisukuma taratibu upande wetu wa meza, na kumwambia ndugu yangu kwa upole kwamba hesabu hizo hazijakaguliwa na mtu yeyote. Namba ile ya simu haikupokelewa tena. Kwa lugha ya mjini mtu wa namna ile huitwa kishoka, na muhuri kama ule hauhitaji zaidi ya fundi wa kuuchonga.

Naongeza jambo moja kwa wenye biashara ndogo, kwa sababu wengi huambiwa watafute CPA hata pale wasipomhitaji. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka kiwango cha mauzo ambacho mfanyabiashara binafsi asipokizidi hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo yake, bila kulazimika kupeleka hesabu zilizoandaliwa au kukaguliwa na CPA. Kampuni ni habari nyingine, hata iwe ndogo. Mwenye genge au duka dogo hufaidika zaidi na mtu mwaminifu wa kumtunzia vitabu kila wiki, anayepanga risiti za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, kabla wino haujafifia, kuliko sahihi ya mwisho wa mwaka juu ya kumbukumbu ambazo hazipo. Na anayekutunzia vitabu asiwe ndiye anayevikagua, hata akiwa na sifa zote, kwa kuwa atakuwa anayatolea hukumu makosa yake mwenyewe.

Duka la mama mdogo limevuka kiwango hicho, kwa hiyo jirani hakukosea kumwambia atafute CPA. Ningemwomba tu aliache lile neno "serikalini", na mahali pake amfundishe mama mdogo kuuliza, kwa adabu na kabla ya kukabidhi faili lolote: namba yako ya usajili wa NBAA ni ipi, na kibali chako cha kuhudumia umma naweza kukiona?