Treni za vitofali: yanayosemwa ukumbini na yaliyo kweli

Kila mwaka klabu yetu hapa Manchester hukodi ukumbi kwa siku mbili. Tunaunganisha meza, tunajenga juu yake mji wa vitofali vya Lego wenye stesheni, madaraja na mahandaki, kisha treni zinazunguka toka asubuhi hadi jioni. Zamu yangu huwa kwenye kamba, upande wa wageni, kujibu maswali. Maswali nayapenda sana. Kinachonisumbua ni yale majibu ambayo watu huja nayo tayari kichwani, na Waswahili wenzangu wanaoleta watoto huja nayo pia. Nimeyakusanya hapa yale ninayoyasikia zaidi.

"Huu si mchezo wa watoto?"

Ni wa watoto, na ni wa watu wazima vilevile. Lego ilianzishwa na seremala, Ole Kirk Christiansen, mwaka 1932 katika mji wa Billund, Denmark, na jina lenyewe limetokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Mwaka 2020 kampuni ilianza kuuza seti zenye alama ya 18+ kwenye boksi. Klabuni kwetu kuna fundi umeme, muuguzi, dereva wa basi na wastaafu kadhaa. Hakuna anayeona haya.

"Mnafuata tu karatasi ya maelekezo."

Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu linafuta kazi yote. Ni kweli treni za kwenye boksi zipo, na baadhi ni nzuri mno: Emerald Night ya 2009, au ile Crocodile ya 2020 iliyoiga kichwa cha treni cha Uswisi. Lakini nyingi ya zile unazoziona zikipita kwenye meza zetu haziuzwi dukani popote. Mtu ameketi na picha na michoro ya treni halisi, akapiga hesabu, akachora kwenye kompyuta, kisha akaagiza vipande kimoja kimoja kutoka kwa wauzaji wa BrickLink, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2000.

Chukua mfano ninaousimulia kila mwaka bila kuchoka. Mwenzetu mmoja amejenga Garratt, kichwa cha treni cha kundi la 59, yale majitu ya mvuke yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Yalijengwa 34, katikati ya miaka ya 1950, na kiwanda cha Beyer Peacock kilichokuwa Gorton, mtaa wa humu humu Manchester. Yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, nambari 5930, jina lake Mount Shengena, kilele cha milima ya Upare, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mzee yeyote wa pwani akifika mezani petu nampeleka hapo kwanza. Mmoja aliweka mkono kifuani akasema, "Mwanangu, hii nimeipanda hadi Voi."

Sasa, unaijengaje? Garratt halisi ina urefu wa zaidi ya mita 30 na upana wa mita 3 hivi. Vinundu vya Lego, vile vilivyo juu ya kitofali, vimeachana kwa milimita 8 toka katikati hadi katikati. Ukiamua upana wa vinundu 8, yaani milimita 64, umeshachagua kuipunguza mara 48 hivi, na urefu unakuja sentimita 65. Hapo ndipo shida inaanza. Reli yenye upana wa mita moja iliyoijenga Kenya na Uganda, ikipunguzwa mara 48, ingekuwa na upana wa milimita 21. Reli ya Lego ina milimita 37 na nusu, na upana huo haujabadilika tangu treni za kwanza za mwaka 1966. Kwa hiyo Garratt yetu inapita kwenye njia pana kuliko inavyostahili, na mjenzi amelazimika kuficha magurudumu kwa ustadi ili jicho lisigutuke. Karatasi ya maelekezo ya jambo hilo haipo. Ameibomoa na kuijenga upya mara tano ninazozijua mimi.

Na mwaka huohuo wa 1966, treni za Lego zilipoanza, ndipo kiwanda cha Gorton kilipofungwa. Nikisimama pale ukumbini huwa nalifikiria hilo.

"Kuendesha ni kubonyeza kitufe tu."

Laiti. Kipande cha kona cha kawaida cha Lego kina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani sentimita 32. Vipande 16 vinakamilisha duara. Kwa kipimo cha Garratt yetu, hiyo ni kona ya mita 15, ambayo hakuna dereva wa kweli angethubutu kuingiza treni ya mizigo. Garratt ina nafuu kwa sababu ndivyo ilivyobuniwa: boila limening'inizwa katikati ya mitambo miwili, kila mmoja ukigeuka kivyake. Hata hivyo tumbo lake linajitokeza upande wa ndani wa kona na kugonga nguzo za stesheni zikiwa karibu. Ndiyo maana klabu nyingi hutumia kona pana zinazotengenezwa na kampuni ndogo ndogo, kama TrixBrix ya Poland. Hapo nawajibu pia wanaodhani kila kitu mezani ni cha Lego yenyewe.

Umeme nao una mambo yake. Mfumo wa volti 9 ulioanza mwaka 1991 ulipitisha umeme kwenye reli za chuma, na mota ikauchukua kupitia magurudumu. Uzuri wake ni kwamba treni inakwenda siku nzima bila betri. Ubaya wake, njia ikiwa ndefu umeme unafifia mbali na transfoma na treni inaanza kujikokota, hivyo inabidi kuchomeka waya sehemu kadhaa. Ukitengeneza njia inayojigeukia yenyewe, reli ya kushoto inakutana na ya kulia na umeme unagongana. Kampuni iliacha mfumo huo, reli zikawa za plastiki tupu na betri zikahamia ndani ya treni. Tangu 2018 mawasiliano ni ya Bluetooth, na kisanduku cha treni kinakula betri 6 ndogo. Hesabu mwenyewe betri za treni nane kwa siku mbili, kisha utaelewa kwa nini meza yetu ya nyuma imejaa chaja.

Kisha kuna adui asiyeonekana: nywele na nyuzi za zulia. Zinajizungusha kwenye ekseli hadi gurudumu linakwama. Mabehewa yanashikana kwa sumaku, kwa hiyo treni ndefu ikikuta ukinzani mdogo tu mlimani, inaachana katikati, na nusu ya nyuma inarudi kinyumenyume kwenye stesheni iliyojaa abiria wa plastiki. Na sakafu za kumbi za hapa hazilingani. Meza mbili zikipishana kwa unene wa kadi tu, gurudumu la mbele linapanda ukingo na treni inaacha njia. Asubuhi ya kwanza hutumia saa nzima nikiwa nimelala chini nikipachika vipande vya kadibodi kwenye miguu ya meza.

"Mji wote umejengwa na mtu mmoja, au mnajenga papo hapo."

Wala. Kila mwanachama hujenga kipande chake nyumbani, mara nyingi juu ya bamba la vinundu 32 kwa 32 au 48 kwa 48, miezi kabla. Kinachoufanya kuwa mji mmoja ni makubaliano: reli itoke wapi, iwe juu kiasi gani, barabara ikutane wapi na ya jirani. Ramani nzima tunaichora kwanza kwenye BlueBrick, programu ya bure. Aliyesahau kipimo, hata kwa kinundu kimoja, kipande chake hakiingii, na nimeona watu wazima wakitokwa na machozi kwa hilo saa tatu usiku kabla ya ufunguzi.

"Mmegundisha."

Hapana. Kitofali cha 1958 kinashikana na cha leo bila gundi. Sanamu za kwenye bustani za Legoland ndizo zinazogundishwa, kwa sababu ya upepo na mvua.

"Kampuni inawalipa."

Hatulipwi. Klabu ni za wanachama wenyewe. Kampuni huzitambua baadhi na kuzipa nafasi ya kununua vipande kwa wingi kwa bei nafuu. Kiingilio chetu kinalipa ukumbi, na kinachobaki tunakipeleka hospitali ya watoto.

"Hiyo kamba ni ya kutufukuza."

Naomba sana hili lisiaminiwe. Mtoto akigusa treni inayokwenda, si kosa lake, mikono ya mtoto imeumbwa kugusa. Ila treni moja ikianguka kutoka mezani, kazi ya mwaka mzima inatawanyika sakafuni vipande elfu. Kwa hiyo tumeweka kando meza ya chini yenye treni yake, na hiyo ni ya mikono ya watoto peke yao. Mama, baba, uliza iko wapi. Na ukimwona aliyevaa fulana ya klabu, mwombe mwanao ashike rimoti kidogo. Mimi sijawahi kukataa.

Jumapili saa kumi jioni tunafunga milango, na kubomoa kunachukua muda mrefu kuliko wageni wanavyodhani. Vipande vya kona vinahesabiwa, nywele zinatolewa kwenye ekseli kwa kibano, kila behewa linafungwa kwenye kitambaa chake. Garratt inaingia boksini mwisho, imegawanywa sehemu tatu: mtambo wa mbele, boila, mtambo wa nyuma.