Makato ya gharama kwenye pango: maana yake kwa anayepangisha sehemu ya nyumba anayoishi

Neno kodi limebebeshwa mizigo miwili. Mpangaji wa Nyegezi, hapa Mwanza, akisema amelipa kodi ya miezi 6, anamaanisha fedha aliyompa mwenye nyumba. Mwenye nyumba huyo akisema anadaiwa kodi, huenda anaizungumzia Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ili tusipotezane njiani, katika maelezo haya fedha anayotoa mpangaji itaitwa pango, na neno kodi litabaki kwa ile ya serikali.

Neno la pili linalohitaji kunyooshwa ni makato. Mfanyakazi ameyazoea makato kuwa kitu cha kumwumiza: kwenye hati ya mshahara anaona mchango wa hifadhi ya jamii, marejesho ya mkopo wa elimu ya juu na kodi ya mshahara, kisha anapokea kinachosalia. Makato ya gharama yanaelekea upande wa pili. Ni zile gharama ambazo sheria inamruhusu mwenye mapato kuziondoa kwenye mapato yake kabla kodi haijakokotolewa, ili atozwe kwa kilichobaki na si kwa kila shilingi iliyopita mkononi mwake. Zinazopungua ni fedha zinazotozwa kodi. Kodi yenyewe hupungua kwa kiasi cha kiwango tu. Mtu anayetozwa asilimia 20, akikata gharama ya shilingi 100,000, kodi yake inapungua kwa shilingi 20,000, na zile 80,000 zimetoka mfukoni mwake na hazirudi. Kwa hiyo kauli ya mtaani kwamba "wewe piga rangi tu, kodi itafidia" ni ya mtu ambaye hajawahi kukaa chini na kalamu.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaweka kipimo kimoja kikuu: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato. Matumizi ya nyumbani ya mtu binafsi hayakatwi. Gharama za mtaji, kama kununua kiwanja au kujenga chumba kipya, nazo hazikatwi kwa mkupuo. Kipimo hiki ni rahisi kwa mwenye nyumba nzima ya kupangisha huko Buhongwa ambaye yeye mwenyewe anaishi Pasiansi. Kwa anayelala chumba cha mbele na wapangaji wakalala vyumba vya uani, mambo huchanganyika, kwa sababu paa ni moja, bomba ni moja, na mara nyingi hata mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni moja.

Tuichukue nyumba ya kubuni iliyo kwenye mteremko wa Mkolani, yenye msingi wa mawe upande wa bondeni, kama zilivyo nyingi katika mji huu wa miamba. Mwenye nyumba ni mama mwalimu. Anaishi humo na familia yake, jumla watu 5, na vyumba 3 amewapangisha wanafunzi 3 wa chuo, kila kimoja kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Eneo la ndani ni mita za mraba 120: familia inatumia 60, wapangaji 40, na 20 zilizobaki ni korido, choo na bafu vinavyotumiwa na wote. Tuchukulie kwanza kwamba mlango wa makato uko wazi kwake. Baadaye tutaujaribu kama unafunguka.

Gharama zake zinaangukia katika mafungu matatu. Ile ya vyumba vya wapangaji peke yake, kwa mfano shilingi 150,000 za kuvipiga rangi na shilingi 80,000 alizompa dalali kwa kumletea mpangaji, inahesabiwa yote. Ile ya upande wa familia peke yake, hata kama fundi ni yuleyule na siku ni ileile, haihesabiwi kabisa. Kazi iko kwenye fungu la tatu, la gharama za nyumba nzima. Hapo unahitajika mgawanyo, na mgawanyo unahitaji sababu inayoweza kuelezwa mbele ya ofisa wa kodi bila kigugumizi. Kwa paa, eneo ndicho kipimo cha haki: sehemu ya pamoja inawekwa kando, zinabaki mita 100, na wapangaji wana 40, yaani asilimia 40. Mabati yakibadilishwa kwa shilingi 900,000 baada ya upepo wa ziwani kuyang'oa, shilingi 360,000 ndizo za pango. Kwa maji, eneo halisemi kitu, kwa kuwa chumba hakiogi. Wanaooga ni watu. Wakiwa 8 ndani ya nyumba na wapangaji ni 3, basi ankara za mwaka za shilingi 480,000 zinatoa shilingi 180,000 upande wa pango. Kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi inayokatwa kila anaponunua umeme, ni shilingi 18,000 kwa mwaka, na asilimia 40 yake ni shilingi 7,200. Ni kiasi kidogo, lakini ndicho chenye ushahidi usio na ubishi, kwa sababu kimeandikwa kwenye ujumbe wa tokeni.

Umeme wenyewe una mtego wake. Ikiwa wapangaji wanachangishana na kununua tokeni wao wenyewe, hiyo si gharama ya mama huyu na wala mchango wao si pango lake, kwa hiyo hauingii upande wowote wa hesabu. Ikiwa umeme umo ndani ya zile 80,000, pango limebeba umeme, na sehemu ya wapangaji inaweza kuhesabiwa kuwa gharama. Kinachoharibu hesabu ni ule utaratibu wa nusunusu, ambapo mwezi huu wanachanga, mwezi ujao mama ananunua, kisha unazuka ugomvi wa nani anapiga pasi usiku.

Chumba kilichokaa wazi nacho huleta mkanganyiko. Kimoja kati ya vile vitatu kikikosa mtu kwa miezi 2 ya likizo, wengi huandika "hasara ya shilingi 160,000" kwenye orodha ya gharama. Hiyo si gharama. Ni fedha ambayo haikuja, na kwa kuwa haikuja haikuandikwa kwenye mapato, hivyo haiwezi kuondolewa mara ya pili. Mapato ya pango ya mwaka ni shilingi 2,720,000 badala ya 2,880,000, na hapo habari yake imekwisha.

Vivyo hivyo ipo tofauti kati ya kurudisha na kuongeza. Bati lililotoboka likibadilishwa kwa bati, huo ni ukarabati. Chumba cha nne kikijengwa uani, au choo cha shimo kikigeuzwa cha kuvuta maji chenye mfumo mpya, hapo thamani mpya imeongezwa na gharama ni ya mtaji. Kwa anayeendesha pango kama biashara, sheria hulitengea jengo posho ya uchakavu, yaani makato ya kuchakaa kwake, ya asilimia 5 kwa mwaka, na hapo tena kipimo cha kutumika kwa biashara pekee kinambana anayelala humohumo. Asiyeendesha biashara azitunze hata hivyo risiti za ujenzi huo, kwani siku ya kuuza nyumba gharama za uboreshaji hujumlishwa kwenye gharama ya mali na kupunguza faida itakayotozwa kodi.

Jumla ya gharama za mama mwalimu zilizogawanywa ni shilingi 777,200, na kilichobaki kwenye pango ni shilingi 1,942,800. Sasa tujaribu ule mlango.

Pango linalolipwa kwa mkazi wa Tanzania kwa ajili ya jumba au ardhi lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Mpangaji anatakiwa kuizuia katika fedha anayomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, wajibu huo haumhusu tu mpangaji wa kampuni au wa fremu ya biashara, umemfikia pia mtu binafsi aliyepanga makazi. Mapato madogo ya pango, yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka, yameachwa nje. Swali linaloamua kila kitu ni kile kinachotokea baada ya asilimia 10 hiyo kulipwa. Ikiwa mwenye nyumba ni mtu binafsi mkazi na hapokei pango hilo katika kuendesha biashara, zuio hilo ni la mwisho. La mwisho maana yake ni kwamba kodi imekamilika: pango halichanganywi na mapato yake mengine, hadaiwi zaidi, na hakati gharama yoyote. Mabati, dalali, rangi na maji, vyote vinabaki kuwa mzigo wake. Ikiwa pango linapokelewa katika biashara, zuio ni malipo ya awali tu: mwenye nyumba anawasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, anakata gharama zake, anakokotoa kodi kwa viwango vya kawaida, kisha anaondoa kile kilichokwisha kuzuiwa.

Mama mwalimu mwenye vyumba vitatu ndani ya nyumba anayoishi, asiyekuwa na leseni wala mwajiriwa wala ofisi, kwa kawaida yuko upande wa kwanza. Anayelaza wageni kwa usiku kwenye sehemu ya nyumba yake, akibadilisha mashuka na kutoa stakabadhi kila asubuhi, anaendesha biashara. Kati ya hao wawili kuna watu wengi, na kinachoamua ni mambo yanavyofanyika, si jina ambalo mtu anajichagulia baada ya kuona upande wenye nafuu.

Maneno "hakuna makato" huwakera wenye nyumba, na ninaelewa kwa nini, lakini wengi hukasirika kabla ya kupiga hesabu. Kwa zuio la mwisho, mama mwalimu analipa asilimia 10 ya 2,720,000, yaani shilingi 272,000. Tuseme mshahara wake unazidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kila shilingi inayozidi hapo inatozwa asilimia 30. Pango lake lingeingizwa kwenye mapato yake ya jumla pamoja na makato yote tuliyoyahangaikia, angelipa asilimia 30 ya 1,942,800, ambayo ni shilingi 582,840, zaidi ya mara mbili. Kwa mtu wa kiwango hicho, njia ya makato huanza kumfaa pale gharama zinapozidi theluthi mbili za pango, na nyumba inayokula kiasi hicho kila mwaka ina ugonjwa mwingine.

Anayeumia ni mwingine. Chukua jirani yake mjane, asiye na mshahara, mwenye nyumba ileile na wapangaji walewale. Kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, mapato yasiyozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hayatozwi kitu, kwa hiyo shilingi zake 1,942,800 zingekuwa na kodi ya sifuri. Kwa zuio la mwisho analipa 272,000 sawasawa na mwalimu. Kodi inayotozwa kwenye pato ghafi haiulizi mtu ana nini kingine. Ndiyo sababu ni rahisi kukusanya, na ndiyo sababu si ya haki kwake.

Inafaa pia kujua wazo la makato ya chumba cha nyumbani linatoka wapi, maana mtu akitafuta kwenye intaneti hukutana na maelezo ya nchi nyingine na kuyaleta Kirumba kama yalivyo. Nchini Marekani mwenye nyumba anayepangisha chumba hugawanya riba ya mkopo wa nyumba, bima na ukarabati kwa eneo au kwa idadi ya vyumba, na hudai uchakavu wa sehemu iliyopangishwa kwa miaka 27.5. Uingereza humsamehe anayepangisha chumba chenye samani katika makazi yake hadi pauni 7,500 kwa mwaka, na anayetumia msamaha huo hakati gharama. Kenya, ambayo tunagawana nayo ziwa hilihili, tangu Januari 2024 inatoza asilimia 7.5 ya pango ghafi la makazi kwa mwenye kupata kati ya shilingi za huko 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, bila makato. Ndugu wawili, mmoja Kisumu na mwingine Mwanza, wanaweza kuwa na vyumba vinavyofanana hadi rangi ya mlango na bado wakawa na hesabu mbili tofauti.

Aliye upande wa biashara, makato yake yana thamani ya karatasi zake tu. Fundi anayeondoka na fedha taslimu bila risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, ameondoka na makato ya mwenye nyumba pia, hata kama paa halivuji tena. Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa kwa muda usiopungua miaka 5, pamoja na mikataba ya wapangaji, ambayo ina ushuru wake wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kauntabuku moja inatosha: ukurasa wa kushoto pango lililopokelewa na tarehe yake, wa kulia gharama, na pembeni ya kila gharama ya nyumba nzima iandikwe namna ilivyogawanywa, kama ni 40 kwa 100 au 3 kwa 8. Anayesubiri kuugawa mwaka mzima kwa kumbukumbu ya kichwa mwezi Juni, wakati ritani inadaiwa, huishia kukadiria, na ofisa naye ana haki ya kukadiria kwa namna yake.